Dakika Nne za Mweupe

Kiwandani wananiita Pilipili, na sikatai. Nikikasirika nasema, nikishasema nasahau, aliyesemwa abaki na lake. Kazi yangu ni mtandao: nyaya, antena, kompyuta za mashine, na ruta, vile visanduku vinavyorusha mawasiliano hewani. Kiwanda chetu kinatengeneza maboksi. Karatasi inaingia ikiwa bunda zito kuliko gari dogo, inapashwa kwa mvuke, inakunjwa, inagundishwa, inatoka boksi. Mvuke wenyewe unatoka kwenye boila, na boila lina mtu wake, na mtu huyo ni kaka yangu.

Wiki ninayoisimulia sikutulia hata dakika moja. Nilikuwa nazunguka kiwanda kizima kama kuku anayetaka kutaga. Nikikaa nasimama, nikisimama naangalia saa. Ruta ya zamani ya chumba cha boila ilikuwa imechakaa, Meneja alikuwa amenipa mpaka Ijumaa nichague mpya, na mimi nilishaichagua zamani. Kilichonishinda ni kumwambia kwa nini.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikichemka huwa naruka hatua.

Boila likiishiwa maji huku moto unawaka, chuma kinapata joto kupita kiasi na linaweza kupasuka. Kuna swichi inayozima moto yenyewe, lakini ilishawahi kung'ang'ania kwa kutu, kwa hiyo hakuna anayeiamini. Ndiyo maana kuna king'ora ukutani. Na tangu mwaka jana kuna nyuki. Nyuki ni kifaa kidogo anachovaa mhudumu wa boila kiunoni. Maji yakishuka, kinatetemeka. Ujumbe unatoka kwenye boila, unapita kwenye ruta, unakwenda kwa laini ya simu hadi kompyuta kuu iliyoko makao makuu, mji mwingine kabisa, halafu unarudi kwenye ruta na kutua kiunoni. Safari yote hiyo ni kufumba na kufumbua, ikiwa ruta iko macho. Ikiwa imelala, nyuki ni pambo tu la mkanda.

Ruta za kuchagua zilikuwa mbili. Moja tuliiita Mweupe: ya plastiki, nzuri kuiangalia, laini moja ya simu, ya kuweka sebuleni kwa mtu. Nyingine tuliiita Chuma: mwili wa bati nene, antena nne, laini mbili za simu ili mtandao mmoja ukikata wa pili upokee, haogopi joto wala vumbi. Bei yake mara sita ya Mweupe. Lakini bei si ugomvi wangu. Ugomvi wangu ulikuwa dakika nne. Umeme ukicheza kidogo tu, na kwetu unacheza kila wiki, Mweupe anazimika, halafu akiwaka anachukua dakika nne nzima kuamka, kutafuta mtandao, kujinyoosha, sijui kupiga mswaki. Chuma anaamka kwa nusu dakika.

"Dakika nne si kitu," Meneja aliniambia Jumatatu. "King'ora kipo. King'ora hakihitaji mtandao. Au mhudumu wako hana masikio?"

Alikuwa anatania, masikini. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kwa sababu ni kweli. Kaka yangu hasikii.

Niligundua nyumbani kwake, siku moja mchana. Amekaa mezani anamenya chungwa, mke wake nyuma yake akaangusha sinia zima la sahani. Mimi niliruka nikajigonga goti. Kaka aliendelea kumenya chungwa lake, ganda moja refu bila kukatika. Wifi yangu alinitazama, akaweka kidole mdomoni. Kiwandani watu wakilalamika "wifi imekata" huwa nacheka peke yangu, maana wifi yangu mimi hakati, akianza kusema ni mpaka jua lizame. Lakini siku hiyo aliniambia maneno machache tu, jikoni, amenipa mgongo.

"Mwaka wa tatu huu. Anasoma midomo. Ukimsemesha kwa nyuma ndiyo basi. Pilipili, ukifungua mdomo wako huo, watamtoa boilani, na akitoka boilani atakufa kabla ya siku zake."

Nikafunga mdomo. Mimi! Muulize yeyote kama nimewahi.

Pale boilani hakuna aliyegundua, kwa sababu pale kila mtu anaongea kwa mikono. Mashine zinanguruma, masikio yamezibwa, ukitaka maji unaonyesha kikombe. Siku daktari wa kampuni anapokuja kupima masikio, kaka huwa na dharura. Na nyuki alipofika, kaka alimfunga kiunoni kwa furaha ambayo mimi tu niliielewa. Alibakiza miaka miwili astaafu. Miaka miwili, nyuki mmoja, na ruta ya kumweka huyo nyuki macho.

Huyu kaka ndiye wa kwanza kwetu, mimi kitinda mimba. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, yeye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya ualimu huko mbali. Akaacha chaki, akarudi, akaingia boilani kwa sababu ndiko walikokuwa wanaajiri siku ile. Miaka thelathini na moja amekula joto lile ili mimi nisome hizi nyaya. Sasa niambie ungefanya nini.

Meneja wetu si mtu mbaya. Ila ana neno lake moja, ushahidi, tena tunamwita hivyo hivyo, Bwana Ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha atataka kuona ulivyolowa. Akasema ruta zote mbili zifungwe boilani kwa majaribio, tuone. Mweupe nikamfunga mlangoni, mbali na joto. Chuma nikamweka ndani kabisa, kwenye rafu ya bati juu ya bomba la mvuke, kwa kiburi, ili wamwone asivyoogopa joto.

Jumanne matokeo yakaja. Mweupe hakukata hata mara moja. Chuma alipotea kuanzia saa tano na nusu hadi karibu saa saba. Jumatano vilevile. Saa tano na nusu, kimya. Saa saba, huyo amerudi, mzima, kama mtu aliyetoka kula.

Nilimfungua. Nikabadilisha laini. Nikakaza antena. Nikampima alfajiri, safi. Nikampima saa tisa alasiri, safi. Nilimtukana matusi ambayo mama yangu angenipaka pilipili mdomoni. Mwanamke mzima, nimesimama juu ya ngazi, nagombana na bati.

"Ushahidi unasema Mweupe," Meneja alisema Jumatano jioni, akigonga karatasi kwa kalamu. Hakusema kwa ubaya.

Alhamisi saa tano na robo nilikuwa nimechoka kuzunguka. Nilichukua sahani yangu ya chakula, ile ya chuma yenye mfuniko, nikaipeleka boilani ikapashwe moto kama kila siku. Tangu kiwanda kianze, boila ndilo jiko letu. Kaka ndiye anayepokea vyombo vya watu wote wa zamu, anavipanga juu ya rafu ya bati, na kuanzia saa sita anavigawa bila kukosea cha nani ni kipi. Nikampa chombo changu. Akatabasamu, akaonyesha kwa mikono: mchuzi leo? Nikajibu: mchuzi. Akapanda kigoda chake cha kukanyagia, akakiweka chombo rafuni.

Nikatazama alipokiweka.

Ebo! Vyombo arobaini vya chuma, na chuma huziba mawimbi ya mtandao, vimepangwa ukuta kwa ukuta, na katikati yao Chuma wa watu amezikwa, antena moja tu inachungulia kama mtu anayeomba msaada. Na kilichoegemea antena yenyewe hiyo, mfuniko wake ukimeta, kilikuwa chombo changu mimi. Siku tatu namtukana yule bati, kumbe namfungia ndani mwenyewe kwa mchuzi wangu. Saa ile ya kupasha chakula sikuwahi kumpima hata mara moja, kwa sababu saa ile nilikuwa nasubiri kula.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaka naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Nikamhamisha Chuma ukutani, juu, hakukata tena.

Nikakimbia kwa Meneja. Alisikiliza hadithi ya vyombo, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa.

"Vizuri. Kwa hiyo sasa zote mbili zinafanya kazi."

"Bosi, dakika nne."

"King'ora, Pilipili. Mara ngapi? Nipe sababu moja ambayo king'ora hakiijibu, nisaini hapa hapa. Vinginevyo kesho saa nne naandika Mweupe."

Sababu ilikuwa mdomoni kwangu, ya moto kama kaa. Sikuitema wala sikuimeza. Nikatoka.

Nitasema wazi nilichofanya, kwa sababu nimechoka watu kunihurumia kana kwamba kilitokea chenyewe. Ijumaa asubuhi nilimwomba Meneja asogeze uamuzi mpaka saa sita, aje boilani aone jaribio la mwisho. Nilimchomoa Chuma kwenye umeme. Nikamwacha Mweupe peke yake kazini. Watu wa zamu walikuwa wamejipanga kuchukua chakula, kaka anagawa, ametupa mgongo. Nilizima umeme wa Mweupe nikauwasha tena, ili aanze kulala usingizi wake wa dakika nne. Halafu nikabonyeza kitufe cha jaribio la king'ora, ambacho humtumia nyuki ujumbe pia.

Kile king'ora kinaingia mpaka kwenye meno. Kila mtu aliziba masikio. Mmoja aliangusha kijiko. Mwingine alishaanza kukimbilia mlangoni.

Kaka aliinua chombo, akafuta mfuniko kwa kitambaa, akasoma alama iliyokwaruzwa chini, akageukia rafu kutafuta kingine. Kiunoni nyuki alikuwa kimya. Nilimwona Meneja akitazama nyuki, akitazama mgongo wa kaka, akitazama saa yake. Dakika ya kwanza. Ya pili. Watu wa foleni sasa walikuwa hawakitazami king'ora, wanamtazama yeye. Alipogeuka akawaona wote wameziba masikio, uso wake ukabadilika pole pole. Aliangalia ukutani, kwenye taa nyekundu ya king'ora inayozunguka. Halafu akaniangalia mimi, na kidole changu kwenye kitufe.

Aliweka chombo chini kwa upole sana, kama kina maji yaliyojaa.

Meneja alisaini Chuma alasiri ile ile. Jumatatu kaka akahamishiwa bohari ya vipuri, chumba kilichopakana ukuta na boila, ampe fundi nati, ampokee fundi spana. Walimpa na buti mpya za usalama, soli nene kama mkate. Miaka yote alikuwa anagombana nao juu ya buti. Alivaa raba zilizolika mpaka unaona soksi. Sasa akavaa bila kubisha, na hilo ndilo lililoniumiza. Kijana wa watu aliyechukua nafasi yake alikuwa mhudumu mzuri, ana cheti, ana masikio, na hataki vyombo vya watu juu ya rafu yake. Tena alikuwa na haki. Tangazo la "USIWEKE KITU HAPA" nilibandika mimi mwenyewe. Tukaanza kula chakula baridi. Watu hawakunisema. Walikuwa wakitafuna tu, huku wakinitazama.

Kaka hakunisemesha wiki tatu. Nikienda dirishani pa bohari naomba bisibisi, ananipa bisibisi. Namwambia, "Kaka, shikamoo," ananiitikia kwa kichwa. Nyumbani, wifi alinifungulia mlango, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umeridhika?" Mimi niliyezoea kujibu kabla ya kuulizwa, nikageuka nikaondoka. Nilikuwa nimemwokoa, sivyo? Usiku na mchana nilijiambia hivyo. Mtu mzima, hai, mzima wa viungo, amekaa bohari. Mbona basi nilikuwa siwezi kupita pale dirishani bila kuongeza mwendo?

Halafu ikaja Jumanne ile. Saa nne na kitu asubuhi umeme ulicheza: ukazima, ukarudi, mashine zikakohoa na kuendelea. Mimi nilikuwa ofisini kwangu naangalia skrini, na lazima niseme ukweli, jambo la kwanza nililofanya ni kumtazama Chuma. Sekunde ishirini na nane. Ameamka. Nikapiga meza kwa furaha.

Kisha taa ya boila ikageuka nyekundu. Maji yanashuka.

Nilikimbia. Pampu ya maji ilikuwa haikuwaka tena umeme uliporudi, na moto ulikuwa unaendelea. Nilisikia king'ora kikianza nikiwa kwenye korido. Nilipoingia boilani, kijana wa watu naye alikuwa anaingia kwa mlango wa pili kutoka kupima maji uani, mkono mmoja umeshika nyuki anayetetemeka kiunoni. Sote wawili tulisimama.

Kaka alikuwa tayari pale. Moto ulikuwa umeshazimwa. Mkono wake ulikuwa kwenye vali ya mafuta, ameifunga mpaka mwisho, na jasho linamtoka. Alikuwa na soksi tu miguuni. Buti zake, tulizikuta baadaye, zilikuwa zimesimama bohari chini ya kaunta, zimepangwa vizuri, kama za mtu aliyezivua tangu asubuhi.

Alimwona kijana na nyuki wake. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kizuri," alisema kwa sauti ile yake iliyozidi kidogo. "Ila kimechelewa."

Kijana akaenda kwenye pampu. Mimi nikabaki. Nilisogea mbele yake ili anione mdomo.

"Umejuaje?"

"Pampu haikurudi. Umeme umerudi, mashine zote zimerudi, yeye hakurudi." Akapiga sakafu kwa kisigino. "Nyuki wenu anangoja maji yapungue ndiyo aseme. Mimi huku chini najua kabla."

"Na siku ile?" nikasema. "Ya king'ora?"

Akajifuta jasho. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira, hasira naijua.

"Siku ile pampu ilikuwa inazunguka chini ya miguu yangu, maji yamejaa, moto umetulia. Nikimbilie nini, mdogo wangu? Kelele zako?"

Nikalia. Pale pale, mbele ya boila, mimi Pilipili, na kamasi juu. Nilimwambia niliogopa. Nilimwambia nilimwona amekufa kila siku kwa mwaka mzima. Nilimwambia nilitaka Chuma kwa ajili yake yeye tu, wala si kwa ajili ya kiwanda cha mtu. Sijui kama alisoma yote, nililia vibaya, midomo haikuwa inasomeka.

"Najua," alisema. "Hilo nilikusamehe kabla sijafika bohari. Na pengine ulifanya vyema, mimi pia kuna siku miguu itazeeka. Lakini ulimpima Mweupe. Ukampima Chuma. Asubuhi, mchana, jioni, ukapanda ngazi, ukaandika. Mimi nimekulea, nimekaa hapa miaka thelathini na moja, na hata siku moja hukuja kuniuliza, kaka, wewe unafanyaje?"

Kule mlangoni Meneja alikuwa amefika, anahema, miwani imefunga ukungu. Nilijua atauliza nini, na safari hii nilikuwa nao, ushahidi wote, umesimama na soksi. Lakini nilimwonyesha kwa mkono: ngoja.

"Kaka," nikamuuliza, nikiwa nimesimama mahali anaponiona vizuri, "unafanyaje?"

Alitazama viatu vyangu, buti za kampuni kama zile zake. Nikainama nikafungua kamba. Kijana aliwasha pampu, na nikakanyaga chini kwa miguu mitupu, nikangoja.